Kuomba, kujijengea au kutetea: njia ipi ya kupata uwanja wa skeitibodi inakifaa kikundi chenu?

Karibu kila kikundi cha skeitibodi hufika siku moja kwenye mgogoro uleule. Watu wamechoka kufukuzwa kwenye ngazi za majengo na maegesho ya magari, wamekaa chini kupanga, na wamegawanyika. Mmoja anasema twende tukaongee na diwani. Mwingine anasema diwani atatuzungusha, tununue saruji tuanze Jumamosi. Wa tatu, mara nyingi yule aliyeskeiti pale miaka mingi kuliko wote, anauliza kwa nini mnahangaikia mahali papya wakati hapa petu panataka kuchukuliwa. Wote watatu wana hoja. Nimekaa katika vikao vya namna hiyo, nimewahi kuwa upande wa saruji na nimewahi kuwa upande wa barua, na nimeona urafiki wa miaka ukivunjika kwa sababu kila mtu alileta hasira zake na hakuna aliyekaa kulinganisha njia zenyewe.

Hapa nazilinganisha: kuiomba mamlaka ya mji ijenge, kujijengea wenyewe, na kutetea mahali ambapo tayari panatumika. Wapo pia wajenzi wa kujitolea wanaotoka nchi nyingine na kujenga uwanja kwa wiki chache. Hao nitawafikia, ingawa nitaeleza kwa nini siwahesabu kuwa njia inayojitegemea.

Mifano mitatu

Wanaojijengea wote, wakijua au wasijue, wanafuata nyayo za Burnside. Mwaka 1990, mjini Portland katika jimbo la Oregon, Marekani, maskeita walianza kumwaga zege kwenye ukuta chini ya daraja la Burnside, upande wa mashariki. Hawakuwa na kibali. Palikuwa mahali pa kulewa na kutumia dawa za kulevya, na wenye shughuli za jirani wakaona hali inabadilika kadiri vijana walivyozidi kuja na toroli. Suala lilipofika kwenye baraza la jiji, uwanja tayari ulikuwa na watetezi wasioskeiti, na jiji likaruhusu ubaki. Upo mpaka leo. Baadhi ya waliojifunza kushika mwiko pale baadaye wakawa mafundi wa kulipwa wa kujenga viwanja vya namna hiyo.

Kwa kuomba, tazama Philadelphia, hukohuko Marekani. Bustani ya LOVE ilijulikana dunia nzima kwa ngazi na viti vyake vya mawe, kisha jiji likapiga marufuku skeitibodi. Mwaka 2002 Edmund Bacon, mpangaji miji aliyebuni bustani ile, akiwa na miaka 92, alipanda skeitibodi palepale huku ameshikwa mikono, kupinga marufuku hiyo. Marufuku haikuondoka. Waliojitolea wakashika njia nyingine, kupitia chama kilichoitwa Franklin's Paine: wakaomba ardhi, wakachangisha fedha, wakakaa vikao visivyohesabika. Uwanja wa Paine's Park, kando ya mto Schuylkill, ulifunguliwa mwaka 2013. Hesabu mwenyewe miaka hiyo.

Wanaotetea wana Southbank ya London. Chini ya kituo cha sanaa kiitwacho Southbank Centre kuna nafasi yenye nguzo na miteremko ya zege ambayo maskeita wameitumia tangu miaka ya 1970. Mwaka 2013 ulitangazwa mpango wa kuweka maduka na migahawa pale, na maskeita wakaahidiwa mahali pengine karibu na hapo. Kikundi cha Long Live Southbank kikaweka meza palepale, siku baada ya siku, kikikusanya saini za wapita njia. Zilizidi 150,000, na pingamizi rasmi dhidi ya mpango wa ujenzi zikazidi 27,000. Mwaka 2014 yakafikiwa makubaliano kwamba mahali pale patabaki kwa skeitibodi. Kisha, na hili ndilo linalonigusa zaidi, pande mbili zilizokuwa zikivutana zikachangisha fedha pamoja ili kufungua sehemu iliyokuwa imezibwa kwa miaka mingi. Ilifunguliwa tena mwaka 2019.

Muda, na umri wa watu wenu

Kujijengea kunakupa kitu cha kuskeiti ndani ya wiki chache. Kuomba kunachukua miaka, hata pale ambapo kila ofisa ni mwema, kwa sababu bajeti ina msimu wake, ardhi ina idara yake, na uchaguzi ukipita mliyemzoea anaondoka. Kutetea hakuna ratiba ya kwenu kabisa: tarehe anaipanga mwenye mradi, nanyi mnakimbizana nayo.

Watu hudharau jambo hili la muda, nalo ndilo linaloua vikundi. Kijana wa miaka 15 anayetia saini barua ya kwanza anaweza kuwa na miaka 25 siku ya ufunguzi. Katikati atamaliza shule, atahama, atapata kazi ya zamu. Mkichagua kuomba, hesabuni watu watatu, si zaidi, ambao kweli watakuwepo miaka mitano ijayo, na hao ndio washike ukatibu na fedha. Wengine waje na kuondoka bila kulaumiwa. Na kila baada ya miezi michache tafuteni kitu kidogo cha kushika mkononi: ruhusa ya kuweka rampu mbili kwenye uwanja wa tenisi uliotelekezwa, au taa moja iliyorekebishwa. Kikundi kinachosubiri uwanja mzima bila kupata chochote njiani husambaratika kimyakimya.

Ardhi ni ya nani

Kama ningeruhusiwa kulinganisha kwa kigezo kimoja tu, ningechagua hiki.

Anayejijengea anajenga juu ya ardhi ya mtu. Burnside ilisalimika kwa sababu nyingi, lakini mojawapo ni kwamba wakati ule hakuna aliyekuwa akiigombea ardhi ya chini ya daraja lile. Lilinganishe na uwanja wa Channel Street, San Pedro, California, uliojengwa na maskeita wenyewe chini ya barabara kuu kuanzia mwaka 2002. Kazi yao ilikuwa nzuri na majirani waliwapenda. Lakini barabara ilipohitaji kufanyiwa ujenzi, uwanja ukafungwa mwaka 2014, na ukakaa umefungwa kwa miaka. Zege lenu linaweza kuwa bora kuliko la mkandarasi yeyote, na bado siku moja mwenye barabara akaja na mashine zake.

Chini ya madaraja kuna paa la bure na hakuna jirani wa kulalamikia kelele, kwa hiyo maskeita wa kila nchi huishia huko. Ila ujue kwamba daraja linaweza kuwa la mamlaka ya barabara, ardhi ya chini yake ya jiji, na mfereji unaopita katikati wa idara ya maji. Ruhusa ya mmoja haimfungi mwingine. Nimeona kikundi kikiwa na barua nzuri kabisa yenye muhuri, kikavunjiwa kazi yake na ofisi ambayo haikuwahi kujua kwamba barua ile ipo.

Anayeomba hupata ardhi yenye hati, na hiyo ndiyo faida kubwa kuliko zote za njia hii. Uwanja unaingia kwenye ramani ya mji, unafagiliwa kwa bajeti, na kuuondoa kunahitaji kikao. Lakini hapa pana mtego wake. Mnaweza kupewa ardhi ambayo hakuna mwingine aliyeitaka: nyuma ya jalala, mwisho wa mji, mahali pasipofikika kwa basi na pasipo na taa. Siku ya kutangazwa mtafurahi. Mwaka mmoja baadaye watoto wa miaka kumi hawafiki, wasichana hawakai baada ya jua kuzama, na ofisa anasema: mnaona, hakuna anayeutumia. Kataeni ardhi ya namna hiyo kwa heshima. Ili mpate nguvu ya kukataa, nendeni kwenye kikao cha kwanza na orodha yenu ya viwanja vitatu mlivyovikagua kwa miguu: kimoja mnachokitaka, viwili mnavyoweza kuishi navyo.

Anayetetea hana ardhi, ana historia. Na historia ina uzito kuliko tunavyodhani. Uwanja wa Rom huko Hornchurch, Uingereza, uliojengwa mwaka 1978, uliwekwa kwenye orodha ya majengo yanayolindwa kisheria mwaka 2014, ukiwa wa kwanza wa aina yake barani Ulaya. Hata hivyo msidhani kuorodheshwa ni kufuli. Bakuli la zege la kuskeitia la Tampa, Florida, linaloitwa Bro Bowl, liliingizwa kwenye rejista ya taifa ya mahali pa kihistoria mwaka 2013, na bado lile la asili likabomolewa na nakala yake ikajengwa karibu na hapo wakati bustani ilipofanyiwa mabadiliko.

Suala la sheria ya ajali linakwenda pamoja na ardhi. Maofisa wengi hukataa kwa hofu ya kushtakiwa mtoto akivunjika mkono. California ilibadilisha sheria yake kuanzia 1998, skeitibodi ikahesabiwa miongoni mwa michezo yenye hatari ambayo mchezaji anaijua na kuikubali, na kwa hivyo hofu ya miji ikapungua. Miaka iliyofuata viwanja viliongezeka sana katika jimbo lile. Kabla ya kuandika barua yoyote, mtafuteni mwanasheria mmoja mwenye moyo wa kujitolea awaelezee sheria ya kwenu inasemaje. Mara nyingi hofu ya ofisa ni kubwa kuliko sheria yenyewe, na karatasi moja inaishusha.

Mikono na zege

Ukuta uliopinda ndio unaotenganisha hamu na ufundi. Unakata ubao kwa mzingo unaoutaka, unausimamisha pande mbili, unapanga nondo katikati, unachomelea bomba la chuma la unene wa milimita 60 hivi kwenye ukingo wa juu. Zege linachanganywa kavu kiasi, maana likiwa na maji mengi linateremka na kulala chini. Watu wawili kwenye toroli, mmoja kwenye koleo, mmoja akivuta ubao uliopinda kutoka juu kwenda chini kukata umbo, na mmoja, yule muhimu kuliko wote, akifuata na mwiko wa chuma kulainisha. Huyu wa mwiko lazima ajue kusubiri. Akianza mapema anainua maji juu na uso unakuwa dhaifu. Akichelewa mwiko haupiti tena.

Tuliwahi kumwaga ukuta wa nusu mita tu, saa sita mchana, jua la utosi. Mwiko ulipofika upande wa kushoto, uso ulikuwa umeshakauka kama ganda la mkate. Likabaki wimbi dogo, la upana wa kidole. Kwa macho halikuonekana, lakini gurudumu la milimita 52 liliposogea pale lililia tk-tk kila mara, na anayejifunza aliangukia palepale. Tulikaa nalo miezi miwili, kisha tukalivunja kwa nyundo na kuanza upya, safari hii alfajiri, na turubai juu. Baada ya kumwaga, zege linataka kufunikwa kwa magunia na kumwagiliwa wiki nzima, na nguvu yake kamili huhesabiwa siku ya 28. Hakuna kikundi nilichokiona kikisubiri siku 28 bila mtu kulinda.

Mkiomba, mikono yenu inahamia kwenye karatasi, lakini zege linabaki kuwa jambo lenu. Hatari kubwa ni mkandarasi wa kawaida, hodari wa barabara na mitaro, ambaye hajawahi kupanda skeitibodi. Atawajengea rampu mbili zinazotazamana bila nafasi ya kupumua katikati, na atauweka mfereji wa maji mahali mnapotua. Pambaneni sharti la uzoefu liandikwe ndani ya zabuni yenyewe, kabla haijatangazwa. Baada ya hapo mtaambiwa mmechelewa, na ni kweli. Kwa Marekani, The Skatepark Project, taasisi aliyoianzisha skeita mashuhuri Tony Hawk mwaka 2002 ikiwa na jina lake na iliyobadili jina mwaka 2020, imesaidia mamia ya jamii kwa fedha na ushauri, na wanalisisitiza sana jambo hilohilo la kupata mbunifu na mjenzi wanaoujua mchezo.

Mtapewa pia chaguo la rampu zilizotengenezwa tayari, za chuma au mbao, za kufungwa juu ya lami. Zinakuja haraka na zinaweza kuhamishwa, kwa hiyo kama uwanja wa majaribio zina maana. Kama uwanja wa kudumu, mimi nazikataa: skrubu hulegea, mabamba ya ukingo huinuka yakakwaza magurudumu, na sauti yake ya ndani tupu huamsha majirani. Rom ya 1978 ni zege.

Nani anaingia, nani anabaki nje

Viwanja vya kujijengea mara nyingi vinajengwa na wanaojua kwa ajili ya wanaojua. Burnside ina kuta ambazo hata mtu wa miaka mingi anaziangalia kwanza kabla ya kushuka. Ni haki yao, waliujenga kwa jasho lao. Lakini kama lengo lenu ni jamii, mwanzilishi akikuta kuta tupu na watu wazima wanaopiga kelele atarudi nyumbani. Kuomba kunawalazimisha kusikiliza watu ambao hamkuwafikiria, na hapo ndipo yanapozaliwa maboksi ya sentimita 30 (majukwaa madogo ya kurukia na kutelezea), sehemu tambarare ya kujifunzia, benchi la mzazi.

Si lazima mji ndio ulete hilo. Janwaar, kijiji kimoja cha India, uwanja uliojengwa mwaka 2015 uliwekewa kanuni mbili fupi: wasichana kwanza, na asiyekwenda shule haskeiti. Kitintale, Kampala, vijana wa mtaani walijenga uwanja wao mwaka 2006 na ukawa shule ya kizazi kizima cha maskeita wa Uganda. Mtu akikuambia mchezo huu si wa kwetu, mtajie Kitintale.

Wajenzi wa kujitolea wanaosafiri wamefanya mengi: Addis Ababa mwaka 2016, kwa mikono ya watu wa nchi nyingi, Nairobi mwaka 2013, ndani ya kituo cha watoto cha Shangilia, Accra, ambako Freedom Skatepark ilifunguliwa Desemba 2021. Wanakuja na ufundi ule wa mwiko nilioueleza, na kwa wiki chache wanaacha kazi ambayo ingewachukua wenyeji miaka kuijifunza. Kisha wanapanda ndege. Accra palikuwa na kikundi cha wenyeji, Surf Ghana, kabla ya zege na baada ya zege. Mahali pasipo na kikundi cha namna hiyo, ufa wa kwanza hauna wa kuuziba. Ndiyo maana siwahesabu kuwa njia inayojitegemea: ni mikono ya ziada kwa watu ambao tayari wana ardhi na wana watu.

Ningechagua nini

Kama mna mahali pa zamani panapotishiwa, teteeni, na mengine yote yawekwe pembeni hadi hilo liishe. Zege jipya linaweza kumwagwa mwaka wowote. Miaka arobaini ya watu kukutana kwenye nguzo zilezile haiwezi. Na msisubiri tangazo. Anzeni leo kukusanya picha za zamani zenye tarehe, na majina ya walioskeiti pale wakiwa watoto ambao sasa ni walimu, wauguzi, madereva. Meza ya saini iwekwe palepale mahali penyewe, ili anayesaini aone anachokiokoa.

Kama hakuna kinachotishiwa, mna fundi mmoja wa kweli, mna watano wanaoamka alfajiri, na pana kipande ambacho hakigombewi na mtu, jengeni. Lakini dogo. Boksi moja, mteremko mmoja, na barua ya ruhusa hata ya muda mfupi. Mimi mwenyewe ndiyo njia ninayoiamini zaidi sasa: kujenga kidogo kwa ruhusa, kisha kukitumia hicho kidogo kuombea kikubwa. Ofisa aliyesimama Jumamosi asubuhi akiona watoto ishirini wakipokezana boksi moja hahitaji kuelezwa mengi.

Na kama hamna fundi lakini mna wazazi, walimu, na wale watu watatu watakaokuwepo miaka mitano ijayo, ombeni moja kwa moja, bila kuona mmepungukiwa. Anzeni na daftari. Kwa wiki nane, andikeni kila siku: saa, idadi ya waliokuja, umri, wasichana wangapi, walitoka wapi. Kwenye kikao cha baraza mkipewa dakika tatu, asisimame skeita wenu bora. Asimame mama wa mtoto wa miaka kumi, aseme mtoto wake anaskeiti wapi sasa hivi na magari yanapita upande gani, kisha akabidhi daftari.

Kikao chenu kijacho, kabla ya kupiga kura ya njia ipi, mtumeni mtu mmoja ofisi ya ardhi akaulize kile kiwanja mnachokitazama kila siku ni cha nani.